Kutafuta kazi huku mna mbwa, paka na gita nyumbani

Nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja huku Kihonda, Morogoro, kwa miaka sita. Mwaka 2023 uongozi ukatuita kantini, tukasomewa hesabu za hasara, na wiki iliyofuata majina ya watakaopunguzwa yakabandikwa ubaoni. Langu lilikuwemo. Mume wangu ni fundi umeme wa mitaani, kazi leo ipo kesho haipo, na mwisho wa wiki anapiga gita la solo kwenye bendi ya rafiki zake inayotumbuiza kwenye harusi na kipaimara. Watoto bado hatujajaliwa. Tuna mbwa anaitwa Popi, na paka jike tuliyemkuta kwenye nyumba tulipohamia. Yeye tunamwita Bibi.

Habari zilipoenea, ushauri uliotufikia ulikuwa mmoja kutoka kila upande: mbwa mgaweni, gita liuzeni, mkae kama watu waliopata msiba. Walioushauri wanatupenda, sina kinyongo nao. Lakini hatukuufuata, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda naamini tungeufuata tungeumia zaidi. Nitaeleza kwa nini. Kabla ya hapo kuna habari ya karatasi, kwa sababu karatasi zina muda wake na ukipita haurudi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi au chama chao. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala ya notisi hiyo. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwangu ilikuwa siku 42. Juu yake kuna likizo ambazo hukwenda, siku ulizofanya kazi mwezi huo, na kama uliajiriwa kutoka mbali, gharama za kukurudisha ulikotolewa. Cheti cha utumishi ni haki yako pia, nacho usikidharau: kila niliyemwomba kazi baadaye alikiulizia kabla ya cheti cha chuo.

Nilikaa na hesabu hiyo usiku kucha na mume wangu kabla ya kusaini chochote. Dada mmoja wa idara ya kufungasha alisaini palepale karatasi inayosema amelipwa stahiki zake zote, kisha akaenda kujifungia kwao. Alipopata nguvu za kufuatilia, alikuta madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, ila unatakiwa sababu nzito, na huzuni haikuhesabiwa kuwa sababu. Mpaka leo nikimkumbuka nasikia uchungu. Ukiachishwa kazi, tafuta mtu mmoja tu wa kukukumbusha tarehe. Kulia utalia, lakini tarehe ziwe kwa mtu ambaye halii.

Upande wa NSSF, omba taarifa ya michango yako ukiwa bado kazini, hata leo unaposoma hapa. Yangu ilikuwa na miezi iliyoachwa wazi, wakati kwenye hati za mshahara makato yalionekana. Kilichonisaidia ni kwamba hati hizo nilikuwa naziweka zote kwenye bahasha moja ya kaki, mwezi baada ya mwezi. Bila zile hati ningebaki na maneno matupu. Aliyepoteza ajira bila kuacha kwa hiari yake, na amechangia angalau miezi 18, ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Theluthi ya mshahara haijengi nyumba, ila ilitulipia unga na maji wakati malipo ya kiwandani yanazungushwa.

Malipo yalipoingia tulikaa mezani na daftari. Kodi yetu ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na mama mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, kwa hiyo hiyo tukaitoa kwanza. Naomba ulishike hili: kodi kwanza, kabla ya deni la yeyote. Mwenye deni anaweza kuombwa, na mtu mwenye pa kulala ana utulivu wa kuomba. Tukaandika chakula, umeme, maji, mchango wa kikoba. Kisha mume wangu akaandika mistari miwili ambayo kila mtu alitaka tuifute: Popi na Bibi, 35,000, gita, 15,000.

Tuliipima ile mistari kama mingine yote. Gita lilitumia nyuzi na nauli, lakini kwenye mwezi wa harusi lilirudisha mara nne au tano ya lilichotumia. Kuliuza ni kuuza jembe wakati wa masika. Popi alikula dona ya bei ya chini, dagaa na mapupu ya buchani, na kazi yake ilikuwa wazi: usiku ambao mume wangu yuko ukumbini mpaka karibu alfajiri, mimi niko peke yangu kwenye nyumba ya pembeni isiyo na uzio wa maana. Bibi alikuwa anamaliza panya ambao zamani walitutoboa magunia ya mpunga. Hakuna aliyekula bure.

Mama mkwe alishuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi, akamtazama Popi anavyokula, akaniambia taratibu, "Mwanangu, huyu sahani yake imejaa kuliko ya mtu." Nikamjibu, "Kweli mama, ila yeye ndiye analala mlangoni mwanao akiwa kazini." Akanyamaza. Kesho yake nilimkuta anamchambulia dagaa, anatoa mchanga.

Kuna jambo jingine ambalo halikuandikika daftarini. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja kwenda kazini, siku ya kwanza asipokuwa na pa kwenda, anabaki kitandani anatazama paa. Siku ya pili hivyo hivyo. Nimeona watu wazima wakizama humo. Mimi sikupata nafasi, kwa sababu Popi hakuwa na habari kwamba nimepunguzwa. Saa kumi na mbili kasoro alikuwa mlangoni anakwaruza. Ilibidi nivae, nifunge kamba, nimpeleke mpaka upande wa Mazimbu na kurudi, na nikisharudi nimeshasalimiana na muuza maziwa, mwalimu wa shule ya jirani, kijana wa bodaboda, na mtu mzima mmoja mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo anayefungua mapema kuliko wote. Nikiingia ndani saa moja na nusu nilikuwa mtu aliyeianza siku yake. Barua za maombi niliziandika saa hiyo, kichwa kikiwa bado chepesi.

Maombi ya serikalini yanapita Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Hapo utahitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo vilivyothibitishwa na wakili, na barua iliyosainiwa. Barua isiyo na saini inaangusha watu wengi kuliko unavyofikiri. Wakili wangu alitoza shilingi 2,000 kwa kila karatasi, kwa hiyo usimpelekee lundo, peleka zinazotajwa kwenye tangazo. Kitu kilichotusumbua zaidi ni majina. Nilipoolewa niliongeza jina la mume wangu NIDA, vyeti vya shule vikabaki na jina la baba. Ikabidi tuingie gharama ya hati ya kisheria ya kuoanisha majina, na muda wa kusubiri ukala tangazo moja zuri kabisa. Dada unayeolewa mwaka huu na bado unatafuta ajira, liwaze hilo kabla hujabadilisha kitambulisho.

Wapo pia wezi. Unapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya heshima, anakuita kwa jina kamili, anasema umechaguliwa, tuma 30,000 ya fomu au ya kupima afya. Sekretarieti haitozi pesa, na mwajiri wa kweli hakuambii ulipie kazi. Kilichokuwa kinaniumiza ni kwamba simu hizo huja siku ambayo umevunjika moyo, na moyo uliovunjika unataka kuamini. Tulikubaliana kwamba hakuna pesa inayotumwa kwa habari ya kazi mpaka sote wawili tumeiona namba na tumelala nayo usiku mmoja. Kila iliyolala ilikufa yenyewe asubuhi.

Sasa muziki. Morogoro ni mji wa muziki tangu zamani, mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, alikotokea Mbaraka Mwinshehe kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Mume wangu alilelewa na mjomba aliyekuwa na santuri za enzi hizo, na solo lake linafuata mtindo huo: sauti safi, noti moja moja, linaongea na mwimbaji badala ya kumfunika. Ninalipenda. Lakini nilipoitwa kwenye usaili wa mchujo Dodoma nilihitaji kusoma kanuni za manunuzi ya umma na mambo ya leja jioni, saa ileile anayorudi na kushika gita, ndani ya vyumba viwili vyenye ukuta mwembamba.

Tuligombana. Yeye alisema gita ndilo linalotulisha. Mimi nikasema usaili ndio utakaotutoa hapa. Wote tulisema kweli, ndiyo maana ugomvi haukwisha usiku huo. Akatoka kwenda kukaa barazani na Popi, mimi nikabaki na kitabu nisichokisoma. Tulichofanya asubuhi kilikuwa rahisi: saa moja mpaka saa tatu usiku nyumba ni ya kitabu, na yeye anafanya mazoezi ya vidole bila spika, gita likiwa mapajani, sauti haivuki chumba. Saa tatu mpaka saa nne ni ya gita, na mimi nakaa naye. Nilianza kumwimbia zile sauti za kuitikia ili apime anapoingilia. Nimeimba kwaya tangu usichana, sikuwahi kuimba dansi. Ile saa moja ilitushika pamoja katika mwaka ambao ungeweza kabisa kututenganisha. Wanandoa walioko kwenye shida ya pesa huzungumza pesa tu, kuanzia chai mpaka taa inapozimwa. Tafuteni saa moja ambayo pesa haitajwi. Kwetu ilikuwa ya gita, kwenu inaweza kuwa ya bao.

Kuhusu kazi za harusi, bendi yao ilikuwa inadhulumiwa mno. Wanapiga mpaka usiku wa manane, mwenye shughuli anasema njooni kesho, na kesho yake ameshakwenda fungate. Mimi mtu wa stoo nikawatengenezea karatasi ya ukurasa mmoja: tarehe, ukumbi, saa ya kuanza na kumaliza, nani analeta jenereta, nusu ya malipo siku ya kukubaliana na nusu kabla vyombo havijafungwa jukwaani. Wazee wa bendi waliona ni kuwakosea watu heshima. Wakaijaribu, na wateja hawakupungua. Mwenye nia ya kulipa hasumbuliwi na karatasi.

Usaili wa mchujo nilifaulu, wa mahojiano nafasi hazikunifikia. Wanaofaulu nafasi zisitoshe huwekwa kwenye kanzidata, nikarudi na tumaini la kusubiri, na tumaini la namna hiyo linachosha. Wiki hiyohiyo Popi akaacha kula.

Tulidhani amekula kitu kibaya. Mume wangu alipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi, na masikio ya moto. Nyuma ya sikio, ndani ya manyoya, kupe watatu walionona. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali ya wanyama ya SUA. Hapo niseme, wakazi wa Morogoro tuna bahati kuwa na chuo kikuu cha Sokoine, maana mikoa mingi mtu hana pa kumpeleka mbwa apimwe damu. Kipimo kilionyesha ugonjwa wa kupe. Dripu, sindano, na vidonge vya doksisaiklini vya wiki nne. Jumla ilikaribia 90,000, na ndani ya nyumba tulikuwa na laki moja na kidogo.

Mume wangu aliniangalia, nami nikamwangalia. Nilikuwa na hasira, sijui hata kwa nani. Daktari alikuwa kijana mpole, akatuambia tunaweza kulipa dripu na sindano leo, vidonge nusu leo na nusu wiki ijayo. Uliza, tafadhali. Watu wengi wanaondoka na mnyama wao kwenda kufa nyumbani kwa sababu wameona aibu kuuliza kama malipo yanagawanyika. Siku ya tatu Popi alikunywa mchuzi wa dagaa kutoka mkononi mwangu, ulimi mkavu, akilamba polepole mpaka kwenye kucha. Nililia pale jikoni kuliko nilivyolia siku ya ubao wa majina.

Kuzuia kungetugharimu kidogo sana kuliko 90,000. Dawa ya kuogesha kupe ni ya kununua kila mwezi bila kukosa, hata mwezi mbaya, na banda lipigwe dawa pia kwa sababu kupe hutaga kwenye nyufa za ukuta. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka. Halmashauri nyingi huitoa bure au kwa bei ndogo karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kwa hiyo uliza ofisi ya mifugo ya kata yako. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha. Na paka akiwa na homa usimpe Panadol hata robo kidonge. Jirani yetu alimpa wake kwa huruma, na kufikia asubuhi alikuwa amekufa. Kwa paka dawa hiyo ni sumu.

Kazi ilikuja kwa njia ya dawa ya kupe. Nilikuwa naenda kwenye lile duka la pembejeo kila mwezi, na yule mzee alishanizoea kwa zile salamu za asubuhi na mbwa. Siku moja alinipa chupa, nikageuza kuangalia tarehe kama nilivyozoea stoo, ilikuwa imebakiza wiki mbili. Nikamwambia, "Shikamoo tena mzee wangu, hii itakuharibikia, na kwenye rafu nyuma yako naona za mwakani zimekaa mbele." Akaniita ndani ya kaunta nimwonyeshe. Rafu zake zilipangwa kwa rangi za maboksi. Nilimpangia moja kwa tarehe, inayokaribia kuisha mbele, mpya nyuma, na kadi ndogo ya kuandika kinachoingia na kutoka. Akauliza nilifanya kazi wapi. Cheti cha utumishi kilikuwa kwenye simu yangu, nimekipiga picha. Kabla ya mwezi kuisha aliniita tuzungumze mshahara.

Mshahara ni mdogo kuliko wa kiwandani, karibu robo tatu yake, na hilo nilimwambia mume wangu waziwazi kabla sijakubali. Tulirudi kwenye daftari tukaona unatosha pamoja na gita. Nilimwomba mzee mambo mawili: mkataba wa maandishi, na michango ya NSSF kuanzia mwezi wa kwanza. La pili lilimchukua muda, hakuwahi kumwandikisha mtu. Nilikwenda naye ofisini kwao tukajaza fomu pamoja. Ukipata kazi kwa mtu binafsi, usione haya kuomba hivyo ukiwa bado hujaanza, maana baada ya miezi mitatu inakuwa ngumu kuanza maneno hayo.

Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo akaunti ya Ajira Portal bado naihuisha, na bahasha ya kaki sasa ina hati za mshahara za duka. Bendi imepata mpiga besi mpya na harusi za kuanzia Juni zimeshalipiwa nusu. Yule dada wa kufungasha naye nimemwambia alete cheti chake, mzee anataka kufungua tawi upande wa Msamvu na atahitaji mtu anayejua kuhesabu maboksi.